Meno Mawili ya Juu

Kijiji cha Mwamko,
Mazingara, Handeni.
11 Novemba 1974

Dada Justa,

Shikamoo. Sisi huku tunapumua, na mwenye pumzi hakosi la kushukuru. Mke wangu Paulina anakusalimu wifi yake, ana mimba ya miezi mitano na miguu imemvimba. Mwanangu Raheli anakusalimu shangazi yake. Ametimiza miaka kumi na mitano na kwa urefu amenifika sikioni. Mbuzi wamebaki wawili, wengine walipotea siku ya kuhama.

Usinilaumu kwa kimya. Walikuja kutuhamishia kijiji cha ujamaa Septemba, asubuhi, mgambo kumi na lori moja. Nikawaambia mahindi yangu bado yako shambani, nipeni wiki. Nikapewa kitako cha bunduki hapa kwenye mbavu, mpaka leo nikicheka panauma. Kisha wakatia moto mapaa ili tusirudi. Nyumba ya marehemu mama ndiyo ilianza kuungua. Mzee jirani yetu alirudi ndani kwake kuchukua mkeka, boriti ikamwangukia, tukamzika palepale na kupanda lori na mchanga mikononi. Sasa tuko kwenye mistari, mlango kwa mlango, ukikohoa jirani anakupa pole.

Ninalokuandikia ni la Raheli. Meno yake unayajua, ya juu yalivyotokeza mbele hata midomo haikutani. Kule kwetu zamani mtu wa karibu alikuwa mwendo wa saa nzima, hakuna aliyemjali. Hapa wanamwangalia. Wiki iliyopita aliumia kidogo kisimani. Uliwahi kuniambia unachemsha koleo za daktari wa meno hapo hospitalini kwenu, na kwamba anajua kuyarudisha meno kwa waya. Ni kweli? Unauma? Unachukua siku ngapi?

Mdogo wako,
Kaleb

*

Masuguru, Korogwe.
2 Desemba 1974

Mdogo wangu Kaleb,

Marahaba. Pole kwa mbavu, pole kwa nyumba ya mama. Niliposoma habari za nyumba ile nililia, kisha nikatukana, kisha nikamwomba Mungu anisamehe, kisha nikatukana tena. Mimi ni mzima. Huku tunapanga foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na juzi mwanamke alimtandika mwenzake ndoo ya usoni kwa sababu ya kuruka mstari, damu ikaingia kwenye unga, na unga ukaliwa hivyohivyo. Mwambie wifi anywe maji mengi na ainue miguu akilala.

Sasa nijibu wewe. "Aliumia kidogo kisimani." Aliumia na nini? Kisima hakina mikono. Nani alimpiga, kwa kitu gani, na wewe baba yake ulifanya nini? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, Kaleb, mimi ndiye niliyekufuta makamasi.

Daktari yupo, ni kweli. Anatoka Tanga kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mpole wa sauti lakini mkaidi vibaya sana. Hashiki mdomo wa mtu kabla ya kumkalisha na kumwuliza: unatazamia nini? Na wewe ukimjibu ovyo anakurudisha nyumbani. Nimeona mengi mlangoni pale. Bwana mmoja alikuja na mkoba wa nguo, akidhani atalala wiki moja atoke na meno mapya. Binti mmoja wa Mombo alitaka yanyooke kabla ya harusi yake, na harusi ilikuwa mwezi ujao. Mwalimu mmoja meno yake yamenyooka vizuri tu, yeye aliuona waya kwenye picha akaupenda unavyong'aa. Mama mwingine alimleta mwanawe, daktari akamwuliza mtoto anatazamia nini, mtoto akasema, "Mimi? Mwulize mama." Wote hao waliondoka kama walivyokuja. Daktari anasema kazi hii huharibikia kichwani kabla haijaharibikia mdomoni, kwa sababu watu huja na lao moyoni wasilolisema, na waya hauwezi kulifanya.

Basi ujue mapema. Si siku wala wiki, ni miaka miwili. Jino linavutwa polepole, kama unavyomvuta ndama kwa kamba, ukikaza sana kamba inakatika. Unauma siku za kwanza, mtu anakunywa uji. Kila baada ya miezi miwili lazima arudi akazwe. Kwa hiyo Raheli akikubaliwa atakaa hapa kwangu, na mimi nitafurahi maana nyumba hii haina mtu wa kugombana naye.

Mwulize Raheli mwenyewe anatazamia nini. Yeye, si wewe. Uniandikie maneno yake.

Dada yako,
Justa

*

Kijiji cha Mwamko.
27 Desemba 1974

Dada Justa,

Shikamoo, na heri ya Noeli iliyopita. Sisi tuliisali chini ya turubai, kanisa bado halijajengwa. Paulina anaendelea. Moreto, yule Mmaasai anayetuletea maziwa, ndiye amechukua barua hii mpaka Kabuku, kwa sababu barua zinazopitia ofisi ya kijiji hukawia.

Nimemwuliza Raheli. Akasema: "Mwandikie shangazi kwamba nataka niweze kufunga mdomo. Nikilala unakauka, nikitembea vumbi linaingia, na nikifunga labda hawataona." Basi ni hayo.

Umeniuliza la kisimani. Ni wanawake. Walimpiga kwa kamba ya ndoo, ile yenye ndoano mwishoni, ikamchana begani. Nilikwenda kwa mwenyekiti, Bwana Sadala. Akanijibu kwamba Serikali haina imani za kishenzi, kwa hiyo hakuna kesi, na sisi wenyewe tutafute suluhu.

Sitakuficha tena. Nyumba ya tatu kutoka kwetu wamemweka Bi Amne. Ndiyo, yule yule mkunga wa zamani. Miaka yote hii alikuwa amehamia mbali, nikamsahau, na lori limemleta mpaka mlangoni kwangu. Watoto saba wamekufa hapa kwa kuharisha tangu tulipohamia. Kisima kiko hatua ishirini kutoka vyooni, nilisema, nikaambiwa nipingane na mipango ya kitaifa kama naweza. Alipokufa mtoto wa saba Bi Amne alisimama msibani akasema kilichokuwa kimefichwa: kwamba Raheli aliota meno ya juu kwanza, kwamba ni kigego, na kigego akiachwa hai hula wenzake mmoja mmoja. Siku ile waliipiga nyumba yangu mawe mpaka ukuta ukatoboka. Paulina hali tena chakula alichopika Raheli. Anakipokea, anakimwagia mbuzi.

Dada, nikuulize, na usinikasirikie. Mama yake Raheli alikufa mtoto akiwa na miaka miwili. Mama yetu naye. Sasa hawa saba. Huyo daktari akiyarudisha meno mahali pake, je, ule ukigego nao hutoka?

Mdogo wako,
Kaleb

*

Masuguru.
15 Januari 1975

Kaleb,

Marahaba. Sisalimii sana leo.

Mama yake Raheli alikufa kwa homa, na mama yetu alikufa kwa uzee, na watoto wenu wanakufa kwa kunywa mavi. Mjinga wewe. Umesoma mpaka darasa la nne kwa masista, ukabatizwa, halafu unaniuliza swali la Bi Amne kwa mwandiko wa masista.

Nikukumbushe, maana wewe hukuwepo, ulikuwa unakata mkonge. Mwaka hamsini na tisa, mtoto ana miezi sita, mama yake akaona nyeupe kwenye ufizi wa juu na chini hakuna kitu. Akapiga kelele. Kabla sijafika Bi Amne ameshamtwaa mtoto, amemfunga kanga usoni, amechukua na jembe, anakwenda porini kama desturi inavyosema. Mimi nilikuwa natwanga. Nilimkimbilia na mchi wangu mkononi na nikampiga nao. Pigo la kwanza la mgongo, hakumwachia. La pili la mkono, mfupa ukalia, akamwachia. Kiwiko chake mpaka leo hakinyooki, kamwangalie. Nilimbeba mtoto nikaenda naye misheni nikakaa huko mpaka meno ya chini yote yakatoka, ndipo nikamrudisha, na mama yetu akamwapiza kila aliyejua afunge mdomo. Ningempiga na la tatu la kichwa tusingekuwa tunaandikiana leo. Namwomba Mungu anisamehe kwa kutopiga.

Kigego hakuna. Kuna meno. Ya Raheli ni makubwa na taya ni dogo, basi.

Nimemsomea daktari maneno ya Raheli, lile la kufunga mdomo. Akasema: huyo anajua anachotaka kuliko wote walioketi hapa mwaka uliopita, mlete. Amempangia Jumatano ya tarehe 5 Machi. Anasema kabla ya waya atang'oa meno mawili ya juu. Baada ya hapo kidonda kikipona ndipo kazi inaanza. Nikamwambia pia kwamba huko wanatazamia waya umtoe mtu laana. Akasema kwa hilo hana dawa, na nisimdanganye mtu.

Mlete mapema, usingoje Machi. Akae hapa. Kibali cha kutoka kijijini mwombe Sadala, ukinyimwa mtoroshe.

Justa

*

Masuguru.
18 Februari 1975

Kaleb,

Salamu kwa wote. Wiki tano na hakuna jibu. Nimekwenda stendi mara nne kuangalia basi la kutoka Kabuku, nimekuwa kichekesho cha makondakta. Kitanda cha Raheli nimekitandika. Andika hata mstari mmoja. Moyo wangu hautulii, na mimi si mtu wa kusema moyo hautulii.

Dada yako

*

Kijiji cha Mwamko.
1 Machi 1975

Dada Justa,

Shikamoo. Tu wazima. Mvua zimeanza vizuri. Paulina amekaribia, wakati wowote sasa.

Moreto anakuletea Raheli pamoja na barua hii. Kibali hakikupatikana, walisema ni msimu wa kupanda, basi wamepita njia za ng'ombe mpaka Kabuku. Meno ya juu yameshatolewa. Wazee waliona ni heri yatolewe hapahapa, kwa kuwa ndivyo daktari mwenyewe alivyosema. Kwa hiyo kazi ya kwanza imekwisha, daktari aendelee na waya. Damu ilitoka lakini ilikata. Ana homa kidogo.

Kijiji kimetulia. Hakuna anayempiga tena.

Mpe uji mwembamba.

Kaleb

*

Masuguru.
9 Machi 1975

Kaleb,

Sitauliza hali yako.

Walishuka Jumatatu saa tano, jua kali. Sikumtambua. Nilimwona Moreto na rungu lake, nikaona kando yake mtu amefungwa tambara usoni, limeganda jeusi, na nzi. Nikasema huyu amechukua mgonjwa wa nani? Mpaka aliponishika mkono.

"Homa kidogo." Daktari wa zamu alimpima akapiga kelele kuita wenzake. Taya la juu limevimba hata jicho la kushoto lilikuwa limefungika. Si mawili, Kaleb. Manne. Manne ya mbele yote. Moja halikung'oka, lilivunjika, mzizi umebaki ndani unaoza. Na ufizi wa mbele umechanwa pamoja na mfupa wake, kipande cha mfupa kilitoka na pamba nilipomsafisha, nikakishika mkononi. Mimi nimeosha vyombo vya damu miaka tisa sijawahi kutapika. Juzi nilitapika.

Moreto alinieleza alilolikuta. Alifika na kibuyu cha maziwa akamwona mtoto amelala uwanjani, na watu wamekwishatawanyika kwenda kula. Alimtafuta fundi baiskeli mwenye koleo, akampiga rungu la bega akaanguka juu ya baiskeli alizokuwa akizitengeneza. Ananiambia, "Mama, sisi tunatoa mawili ya chini kwa watoto wetu. Lakini mtoto anaambiwa kwa nini, anakaa mwenyewe, na baada yake anapewa maziwa na watu wanamsifu. Hawa walimfanya nini?"

Jumatano daktari alimwona. Alikaa kwenye kile kiti chake kidogo akaangalia mle ndani muda mrefu. Halafu akanigeukia, na hapo ndipo lilipo langu, Kaleb, nami nitalisema maana wewe hutalisema lako. Akaniuliza: "Uliwaandikia nini?" Aliponiambia Januari, alisema meno mawili ya juu ya pembeni, moja kulia na moja kushoto, nyuma ya chonge. Hayo yakitoka panapatikana nafasi, na ya mbele, yale yaliyotokeza, yanavutwa na waya kurudi kwenye nafasi ile. Ya mbele ndiyo alitaka kuyaokoa. Mimi nilikuwa na hasira juu yako na juu ya Bi Amne, mkono unakimbia, nikaandika "meno mawili ya juu" nikaweka nukta. Sikuandika ya pembeni. Nilijua ninamwandikia mtu wa kijiji chenye kigego, na nikaandika vile. Nimeliona hilo neno kila nikifumba macho tangu Jumatano.

Haya, langu ni hilo. Sasa niambie lako. "Wazee waliona." Nani alisoma barua yangu kwa wazee? Nani alimshika? Mtoto wa miaka kumi na mitano, mrefu, mwenye nguvu za kubeba ndoo mbili, hang'olewi meno manne na mtu mmoja mwenye koleo. Raheli nimemwuliza, anageukia ukutani.

Andika. Na usinipe habari za mvua.

Justa

*

Kijiji cha Mwamko.
30 Machi 1975

Dada,

Leo ni Pasaka na sikwenda kusali. Paulina amejifungua mtoto wa kiume tarehe 14, wote wawili wazima.

Barua yako niliisoma mimi. Niliisoma kwa furaha, dada, hilo nikuapie. Watoto waliokufa walikuwa wamefika kumi na mmoja. Mkutano uliitishwa, wanaume na wanawake, na hoja ilikuwa moja: Raheli apelekwe porini au nyumba yangu ichomwe na sisi ndani. Walikuwa na majani makavu tayari, wameyapanga ukutani. Sadala alikaa mbele akasema yeye hayupo hapo kama mwenyekiti, yupo kama mkazi. Nikasimama, nikatoa barua yako mfukoni nikasema: sikilizeni, hata daktari wa Serikali ameliona jambo hili, tarehe tano atang'oa meno mawili ya juu, basi tungojeni. Nilidhani nimemwokoa. Moyoni nikashukuru.

Bi Amne akasema, "Basi daktari naye anajua. Kama dawa ni kung'oa, ya nini kungoja Machi? Mpaka Machi watakufa wangapi?" Wakasema ndiyo. Maneno yangu yakawa ya kwao. Nikalia kwamba ni kazi ya daktari, wakaniuliza: daktari ana nini ambacho fundi hana? Koleo si koleo?

Umeuliza kwa nini manne. Bi Amne alitakiwa aonyeshe mawili yaliyotangulia kuota, akamwangalia, akasema ni miaka mingi, hakumbuki. Wakaamua yatoke yote ya mbele wasije wakakosea.

Umeuliza nani alimshika. Vijana wanne walikuwa wamechaguliwa. Mmoja wao alifiwa na watoto wawili, alikuwa ameshika kisu cha kuchunia chini ya shati, nilikiona. Nilijua akimpata shingo mikononi hatarudi na meno peke yake. Nikasema: mwanangu hashikwi na mtu. Nitamshika mimi.

Nilimlaza, nikamkandamiza mikono kwa magoti. Nilimpanua mdomo kwa vidole vyangu. Alikuwa ananiangalia. Fundi alivuta la kwanza likatoka, la pili likavunjika, hapo ndipo alipoanza kuchokonoa na mimi nikafumba macho. Nilihesabu moyoni mpaka likatoka la mwisho. Wao wakashangilia. Kisha wakaja mmoja mmoja wakanishika mkono wakaniita baba wa kweli, nami niliwapa mkono, dada. Niliwapa.

Mtoto wa kumi na mbili alikufa wiki iliyopita. Bi Amne ameanza kusema ni ule mzizi uliobaki.

Usimwambie Raheli kwamba mimi ndiye. Labda kwa maumivu hakuona. Akipona nitamfuata. Ninachotazamia ni kumwona tu.

Kaleb

*

Masuguru.
8 Juni 1975

Kaleb,

Wifi nampa hongera ya mtoto. Na hapo hapo nikuulize jambo: mtoto huyo ataanza kuota meno kabla ya Krismasi. Yakianza ya juu utafanya nini? Jiulize sasa, wakati bado ni ufizi mtupu. Kama hujui jibu, mchukue na mama yake mpande basi, mje. Moreto anazijua njia. Nitawapokea wao wawili hata kama wewe sitakupokea, maana sina mchi tena lakini mikono ninayo.

Kimya changu cha miezi miwili hakikuwa cha posta. Kila nilipoanza kukuandikia karatasi ilichanika kwa kalamu. Kweli ulimwokoa shingo, siwezi kukataa, na nilitaka sana kukataa. Kweli vilevile ulimpanua mdomo. Yote mawili ni mikono yako. Na karatasi mliyoisoma ni mkono wangu. Nimemwungamia padri, akanipa sala za kusema, nikazisema zote. Hazikunisaidia hata kidogo.

Habari za mgonjwa. Mzizi ulitolewa Aprili, kwa sindano ya ganzi, na alikubali mwenyewe kufungua mdomo baada ya saa nzima. Daktari alisimama muda wote huo mikono mitupu mbele ya macho yake ili aone hafichi kitu. Waya hauwekwi tena. Waya unavuta meno, na pale mbele hakuna la kuvuta. Jumatano hii daktari amempa meno manne ya bandia kwenye kibao cha plastiki cha kubandika juu. Kabla ya hapo alimwuliza kama anavyouliza wote, na Raheli akasema anachotazamia ni kuuma kipande cha muwa mwenyewe bila kukatiwa. Daktari akamwambia hilo hapana, muwa utayavunja, lakini mkate ndiyo. Akasema sawa, mkate. Midomo yake siku hizi inakutana. Anafanya kazi nami pale chumbani, anashika tochi, na mtoto mdogo akiogopa kiti yeye ndiye anamwonyesha kwanza kila chombo na kazi yake. Hacheki bado.

Uliniomba nisimwambie. Nilikaa na barua yako wiki tisa chini ya godoro, kisha nikaona Raheli amefichwa mambo ya kutosha. Juzi nilimsomea yote, kuanzia Pasaka mpaka mwisho. Nilijiandaa kwa kilio, nikaweka na maji karibu. Hakulia. Alisubiri nikunje karatasi, akasema:

"Shangazi, najua. Nilikuwa namwangalia. Vidole vya baba vilikuwa katikati ya magego yangu, na magego yangu ni mazima. Ningeweza kuvikata. Sikuuma."

Nikamwuliza nikuandikie hivyo. Akasema ndiyo, mwandikie hivyo, na nisiongeze salamu.

Justa